Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Lori liliingia soko la Konyokonyo mjini Juba, Sudan Kusini, kabla jua halijachomoza, limesheheni saruji iliyotoka Uganda kwa njia ya Nimule. Vijana sita walikuwa wakilisubiri. Kila mmoja alikuwa amechana mfuko mtupu wa saruji upande mmoja akauvaa kichwani, ukamfunika kisogo na shingo hadi mabegani, vumbi lisipate pa kupenya. Nilikaa kwenye benchi la mama muuza chai, glasi mkononi, nikaanza kuhesabu. Lori lilikuwa na mifuko 600. Makuli sita, mifuko 100 kila mmoja, na kila mfuko una kilo 50. Jua la Juba lilipoanza kuchoma, kila kijana alikuwa amekwisha kupitisha tani tano juu ya shingo yake, kutoka bodi ya lori hadi ndani ya ghala.

Mmoja wao, mrefu kuliko wenzake, alilazimika kuinama kila alipofika mlango wa ghala. Akiwa na kilo 50 shingoni alikunja magoti, akapinda kiuno, akapita, kisha akajinyoosha upande wa pili. Alifanya hivyo mara mia moja. Mlango ule ulitengenezwa na fundi aliyempima mtu mwingine, au ambaye hakumpima mtu yeyote. Alipokuja kunywa chai nilimpa pole na kazi. Alinijibu kwa Kiswahili cha Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya alikokulia.

“Nishapoa, mzee.”

“Na mgongo unasemaje, kijana wangu?”

“Mgongo ndio duka langu,” akasema, akipuliza chai. “Siku ukikataa, nafunga.”

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wanatuonya. Anayetazama akiwa benchini huona kanda jepesi lililojaa pamba ya msufi, na aliyelitwika ndiye anayejua kwamba ndani mna saruji. Makala haya yanaomba jambo moja tu: Juba ipate watu wa kuupima mzigo wa mwenzao kwa mizani, kwa futi na kwa kipimajoto, kisha waseme kwa ushahidi nini kibadilishwe. Watu hao wapo. Wako Chuo Kikuu cha Juba, wana umri wa miaka ishirini na kitu, na kinachotakiwa ni wajiunge wawe kitu kimoja: tawi la wanafunzi wa ergonomiki.

Neno hilo likitajwa, wengi hufikiria kiti cha ofisini chenye magurudumu na mito ya kuegemea. Ni zaidi ya hapo. Ergonomiki ni elimu ya kuilinganisha kazi na mwili na akili ya binadamu: urefu wa meza, uzito wa mzigo, umbo la mpini, mpangilio wa vitufe, joto la chumba, saa za zamu, maandishi kwenye chupa ya dawa. Neno lenyewe lilitungwa na msomi wa Kipolandi, Wojciech Jastrzębowski, mwaka 1857, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kazi na la kanuni. Likasahaulika, hadi mwaka 1949 Mwingereza K.F.H. Murrell alipolipa uhai mpya. Msingi wake ni kwamba kazi ndiyo imfuate mtu. Kazi inayomkunja mtu mpaka atoshe ndani yake imebuniwa vibaya, hata kama mtu huyo halalamiki.

Kisa kimoja cha Vita Kuu ya Pili kinaeleza hayo vizuri kuliko tafsiri ya kamusi. Marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa tayari iko ardhini wanakunja magurudumu, na ndege inalala kifudifudi. Ripoti ziliandika kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliingia ndani ya chumba cha rubani, akaona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya mabawa madogo ya kusaidia kutua zilikaa jirani na zilifanana kama mapacha. Rubani aliyechoka, gizani, alikuwa akishika moja akidhani ni nyingine. Chapanis akapendekeza mkono wa magurudumu uwekewe kipande cha mpira chenye umbo la gurudumu, na ule wa mabawa uwekewe kipande chenye umbo la bawa, ili vidole vitambue hata macho yasipoona. Dawa haikuwa kumfukuza rubani wala kumhubiria umakini. Kilichobadilishwa ni kile kilichokuwa mkononi mwake.

Sisi hapa bado tuko kwenye ripoti ya kosa la rubani. Bodaboda ikianguka tunasema dereva ni mzembe. Muuguzi akichanganya dawa tunasema hana moyo wa kazi. Mwanafunzi akisinzia darasani tunasema ni mvivu. Huwa hatuingii ndani ya chumba cha rubani kutazama swichi zimekaaje.

Katika nchi nyingi elimu hii haikukuzwa na maprofesa peke yao. Jumuiya ya wataalamu wa fani hii ya Marekani, iliyoundwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1957, na ambayo mwaka 1992 iliongeza ergonomiki kwenye jina lake, ina matawi ya wanafunzi vyuoni. Shirikisho la kimataifa la vyama vya aina hiyo lipo tangu mwaka 1959. Shughuli za matawi ya wanafunzi hazihitaji utajiri. Wanaalika mtaalamu aje kuzungumza. Wanatembelea viwanda na hospitali. Wanakagua madarasa na maabara za chuo chao wenyewe. Wanashindana kubuni kifaa, wanasaidiana kuandaa tafiti. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba mwanafunzi wa uhandisi anaketi meza moja na wa udaktari, wa saikolojia na wa kompyuta, na wote wanne wanamtazama mtu mmoja anayefanya kazi.

Chuo Kikuu cha Juba kinastahili kuwa na tawi kama hilo kwa sababu kinajua maana ya kubeba. Kiliundwa mwaka 1975, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1977. Mwaka 1989 vita vilikihamishia Khartoum, kikakaa ugenini zaidi ya miaka ishirini, kikarejea nyumbani wakati nchi inazaliwa mwaka 2011. Chuo kilichojitwika vitabu vyake kwenda na kurudi kina haki ya kuuliza mzigo wa kila mtu una uzito gani.

Wanafunzi waanze na uzito huo. Mwaka 1991 taasisi ya utafiti ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilirekebisha kanuni yake ya kuinua mizigo kwa mikono. Kanuni inaanzia kilo 23, na hizo ni kwa hali iliyo nzuri kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, una pa kushika, mwinuaji hapindi kiwiliwili, na hainui mara kwa mara. Kila sharti linapovunjwa, kilo zinapungua. Mfuko wa saruji wa kilo 50 umezidi maradufu kabla hata hujauliza unainuliwa mara ngapi kwa saa. Uingereza mfuko wa kawaida wa saruji sasa ni wa kilo 25. Saruji ni ileile, na mgongo wa binadamu ni uleule.

Kutoka Konyokonyo twende majumbani, maana mizigo mingi ya Juba haibebwi sokoni wala haibebwi na wanaume. Mji huu umekaa ukingoni mwa Nile Nyeupe, lakini nyumba nyingi hazina bomba. Maji huchotwa mtoni, yakapakiwa kwenye maboza, yakapelekwa Munuki, Gudele na kwingineko, ambako dereva huvuta mpira na kujaza pipa la lita 200 lililosimama uani. Siku ya kwanza pipa likiwa limejaa, mama anachota akiwa amesimama wima. Siku ya tatu maji yamebaki chini. Nimemtazama jirani yangu akichota maji ya chini ya pipa: ukingo unambana chini ya mbavu, kichwa na mkono vimezama ndani, kisigino kimoja kimeachana na ardhi. Alitoka na kopo la lita moja na nusu. Alirudia mpaka dumu la lita 20 likajaa, mtoto akiwa mgongoni.

Pipa lile likiinuliwa juu ya jukwaa imara la matofali na kutobolewa chini likafungwa bomba, mama huyo hatainama tena. Jukwaa lazima liwe imara kweli, kwa kuwa litabeba kilo 200 na zaidi, na watoto watacheza karibu yake. Lazima lisiwe refu kiasi cha kuushinda mpira wa boza. Lazima bomba liwe juu ya ardhi kwa kimo cha dumu. Hayo ni maswali matatu ya uhandisi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuyajibu kwa futi ya fundi na kalamu, na jibu lake likabadilisha asubuhi ya mtaa mzima.

Au wasimame kwenye kisima cha pampu ya mkono, ile India Mark II iliyoenea vijijini na pembezoni mwa miji ya nchi hii. Wamtazame msichana wa miaka tisa. Mpini ukiwa juu, haufikii mpaka aruke. Akiukamata, ananing'inia kwa uzito wake wote mpini ushuke, kisha unamvuta juu tena. Wachore, wapime kimo chake na kimo cha mpini, waandike ni mara ngapi anaruka hadi dumu lijae. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko hotuba kumi kuhusu mtoto wa kike.

Wala wasidhani elimu hii ni ya kuagizwa kutoka nje. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Nairobi, ambao mmoja wa waandishi wake alikuwa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipima nguvu zinazotumiwa na wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo wa hadi takriban asilimia 20 ya uzito wa mwanamke haukumwongezea gharama ya nguvu za kutembea. Wajaluo ni ndugu wa damu na lugha wa Waacholi, Waanyuak na Washiluki wa Sudan Kusini. Mwendo ule wa shingo iliyonyooka na hatua isiyotikisa maji, tunaouona kila siku barabarani, ulikuwa ni hekima ya mwili ambayo maabara iliifikia baadaye.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Mwanamke wa kilo 60 akifuata kipimo hicho anabeba kilo 12 bila gharama ya ziada. Dumu la lita 20 lina kilo 20, theluthi ya uzito wake. Halafu mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini walikuta hali tofauti: kwa wengi wao mzigo wa kichwani haukuwa wa bure, na tofauti kati ya mwanamke mmoja na mwingine ilikuwa kubwa. Kwa hiyo anayetaka kujua gharama anayolipa mama wa Gudele ampime mama wa Gudele, asimtolee hesabu ya Nairobi wala ya Afrika Kusini.

Hapo ndipo suala la kimo linapokuja. Sudan Kusini inajulikana duniani kwa watu warefu. Manute Bol, Mdinka aliyecheza mpira wa kikapu Marekani, alikuwa na sentimita 231. Mwaka 2024 timu ya taifa ilikwenda Olimpiki ya Paris kwa mara ya kwanza ikaifunga Puerto Rico, na Juba nzima ilisimama. Watafiti waliowapima wanaume wa Kidinka mwaka 1953 na 1954 walipata wastani wa sentimita 182.6 kwa Wadinka Agaar na 181.3 kwa Wadinka Ruweng. Vipimo vya wanaume wa Kidinka waliokuwa wakimbizi Ethiopia, vilivyochapishwa mwaka 1995, vilikuwa chini zaidi, wastani wa sentimita 176.4. Vikundi viwili tofauti haviwezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini anayejua vita na njaa vinavyomfanyia mtoto anayekua hatazisoma namba hizo kwa moyo mwepesi.

Tunajivunia kimo hicho uwanjani, lakini dawati hatujalipimia. Ingia ukumbi wowote wa mihadhara uone kijana wa sentimita 190 amekaa upande, goti moja kwenye njia, kwa sababu nafasi kati ya kiti na meza ilikatwa kwa vipimo vya mtu mwingine wa nchi nyingine. Anaandika shingo ikiwa imepinda kwa saa mbili. Jioni kichwa kinamuuma, anameza dawa ya maumivu. Tawi la wanafunzi linaweza kuanza na wanachuo wenyewe: kimo, urefu wa paja, urefu wa mguu kutoka goti hadi nyayo, upana wa mabega, wanaume na wanawake, kutoka makabila na majimbo yote. Chuo kitakuwa na jedwali la vipimo vya miili ya vijana wa nchi hii. Seremala wa dawati, mshonaji wa sare na mjenzi wa zahanati watakuwa na kitu cha kushika, na fundi wa milango ya ghala pia.

Halafu kuna joto, ambalo kwa Juba ndilo suala zito kuliko yote. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa kuwa joto lilitarajiwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi. Februari 2025 ikafunga tena kwa wiki mbili. Naibu waziri wa elimu alieleza kwamba kwa wastani wanafunzi 12 walikuwa wakianguka na kuzimia kila siku katika mji wa Juba. Waziri wa mazingira aliwashauri wananchi wakae ndani na kunywa maji, na akapendekeza watumishi wa serikali wafanye kazi kwa zamu. Walimu wakaomba kalenda ya shule ibadilishwe, likizo iwe Februari na masomo yaanze Aprili joto likishapungua.

Shauri la kukaa ndani ni jema pale ndani panapokuwa na nafuu. Madarasa mengi ya Juba ni mabati juu na mabati kuta, bila umeme wa kuendesha hata feni. Bati lililopigwa na jua tangu asubuhi linageuka jiko, na mtoto aliye chini yake anapigwa na joto linalotoka juu hata kama hewa inayomzunguka si ya moto sana. Kipimajoto cha kawaida hakilioni joto hilo vizuri. Wataalamu hutumia tufe jeusi lenye kipimajoto ndani, linalomeza mnururisho kama mwili unavyoumeza. Tangu mwaka 1977 inajulikana kwamba mpira wa tenisi ya mezani uliopakwa rangi unafanya kazi hiyo vizuri ndani ya jengo. Mpira mmoja, rangi nyeusi kidogo na kipimajoto cha bei ndogo. Vifaa vya madarasa kumi vinaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Fikiria wanafunzi ishirini wa chuo wakigawana shule ishirini za mji, kila mmoja akasoma tufe lake kila saa moja kwa wiki mbili za Februari. Katika shule nne bati lipakwe chokaa nyeupe, katika nne nyingine itundikwe dari ya makuti au ya magunia chini ya bati, katika nne kuta zikatwe matundu ya juu hewa ya moto itokee, na zilizobaki ziachwe kama zilivyo. Mwisho wa wiki mbili mji utajua ni tiba ipi inashusha nyuzi ngapi kwa gharama gani. Wizara ikikaa kuamua kalenda itakuwa na karatasi mezani. Leo tunafunga shule baada ya watoto kuanguka. Kwa vipimo tungeweza kujua mapema ni darasa lipi la kufunga saa nne na lipi linaweza kuendelea hadi saa saba.

Najua nitakachoambiwa. Nchi ina njaa, mishahara inachelewa miezi, watu bado wako kambini, nawe unaleta habari za vimo vya madawati. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu wanaoitoa wanaumia kweli. Ila naomba tuitazame kwa jicho la yule kijana wa Konyokonyo. Kiswahili kina msemo kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Tajiri akiharibu mashine ananunua nyingine. Kijana huyu mashine yake ni uti wa mgongo, na ikiharibika akiwa na miaka 35 hakuna bima, hakuna pensheni, hakuna daktari wa viungo, na watoto wanne wanatolewa shule waende wakapige kokoto chini ya mlima Jebel Kujur. Katika nchi yenye mashine nyingi ergonomiki inaongeza raha. Hapa kwetu inalinda mtaji pekee walio nao walio wengi, ndiyo maana tunaihitaji kuliko wao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na niliisikia kwa makuli wenyewe. Nilipomtajia kijana yule habari ya mfuko wa kilo 25 alitikisa kichwa. “Tunalipwa kwa mfuko, mzee. Ukiugawa mfuko, tajiri ataugawa na ujira. Nitabeba miwili kwa mpigo nipate ileile ya jana.” Yuko sahihi. Anayebadilisha uzito bila kugusa namna ya malipo atakuwa amechapisha mifuko mipya tu. Tukaanza kuzungumza: ubao wa kuteremkia kutoka lori, usawa wa bodi ili mfuko utue begani bila kuinuliwa kutoka chini, toroli la magurudumu mawili linalomilikiwa na kundi lao wenyewe, malipo kwa lori zima badala ya mfuko. Mawazo matatu kati ya hayo manne yalikuwa yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye amelala juu ya kitanda hicho miaka sita.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi watakaoanzisha tawi hilo waanze kwa kukaa chini. Shirika la Kazi Duniani, pamoja na lile shirikisho la kimataifa nililolitaja, lilichapisha mwaka 1996 kitabu cha hatua rahisi za kuboresha kazi katika sehemu ndogondogo, kikarekebishwa mwaka 2010, na kimejaa michoro ambayo asiyejua kusoma anaielewa. Njia yake ni kwenda na wafanyakazi wenyewe, kuangalia kilicho kizuri tayari, kisha kuchagua jambo dogo la kubadilisha. Waombe ruhusa kabla ya kumpima mtu. Juba si mji wa kupigapiga picha ovyo, basi wabebe daftari na penseli, wachore. Matokeo yarudi sokoni kabla hayajaenda mkutanoni, kwa Kiarabu cha Juba ambacho kila mama wa chai anakielewa. Na jina la mtu aliyetoa wazo liandikwe, akikubali.

Wakishakuwa na vipimo, milango ya kubisha ipo. Sudan Kusini iliingia Shirika la Kazi Duniani mwaka 2012, na ina Sheria ya Kazi ya 2017. Mwaka 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Majirani wametangulia: Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003, Uganda tangu 2006, Kenya tangu 2007, na chuo cha Muhimbili kinafundisha afya ya mazingira na kazi. Sudan Kusini ilisaini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016. Saruji inayobebwa Konyokonyo inatoka ndani ya jumuiya hiyohiyo. Mfuko wa kilo 25 ni jambo la kuamuliwa na nchi wanachama pamoja, kwa sababu kuli wa Juba, wa Gulu, wa Mwanza na wa Mombasa wanashusha lori la aina moja. Hoja hiyo ikitoka kwa wanafunzi wa Juba, ikiwa na namba zilizopimwa Juba, wajumbe wa jumuiya hawataweza kuiita ndoto ya wazungu.

Chuo chenyewe hakihitaji kutoa mengi: chumba chenye ufunguo, mlezi mmoja kutoka uhandisi na mmoja kutoka udaktari, na barua yenye muhuri ya kuwatambulisha vijana sokoni na shuleni. Mizani ya kuning'iniza, futi mbili, vipimajoto kumi na daftari vinaweza kuchangwa. Wahitimu wa chuo hiki waliotawanyika Kampala, Nairobi, Khartoum na Melbourne wachange. Wafanyabiashara wa saruji wachange pia, kwa kuwa ghala zao zinasimama juu ya migongo hiyo.

Nilirudi Konyokonyo wiki iliyofuata, safari hii na futi mfukoni. Nilimwomba mwenye ghala ruhusa, nikapima mlango ule: sentimita 178. Kijana wangu, bila mfuko, ana sentimita 191. Mwenye ghala alisogea akasoma namba kwenye futi, akamtazama kijana, akaitazama tena namba. Ana mlango huo miaka mingi, akaniambia, na hakuwahi kujua kwamba ni mfupi, maana yeye mwenyewe anapita wima. Akauliza fundi atamtoza kiasi gani kuinua kizingiti. Sikuwa na jibu la kitaalamu: ukuta ule utahimili? kizingiti cha chuma au cha mbao? kiongezwe shubiri ngapi ili kijana apite na mfuko shingoni? Hayo ni maswali ya tawi la wanafunzi. Mwenye ghala yuko tayari kusikiliza, na mlango uko mwendo mfupi kutoka lango la chuo. Waje na futi yao.